Jinsi ya kusalimu na kutuma salamu kwa Kichina: mwongozo kamili wa hatua kwa hatua

Wasomaji wananitumia sauti zao niwasikilize wanavyosalimu kwa Kichina. Nǐ hǎo wanaitamka vizuri, na kuaga wanajua. Wanakwama kwenye "nisalimie mama", na karibu wote wanakwama mahali pamoja: wanachukua sentensi ya Kiswahili, wanageuza neno moja moja, na kinachotoka Mchina hakielewi, au anakielewa vibaya. Kuna hata namna ya kusema "msalimie mama yako" ambayo masikioni mwa Mchina ni tusi. Tutaifikia kwenye hatua ya tano.

Mwongozo huu ni wa Kimandarini, kile Kichina kinachofundishwa katika Taasisi za Confucius za Nairobi na Dar es Salaam na kinachotumika vyuoni na maofisini kote China. Ukiwa Guangzhou utasikia wenyeji wakisalimiana kwa Kikantoni chao, lakini haya yote watakuelewa.

Shika jambo moja kabla hatujaanza. Sisi heshima yetu tumeiweka kwenye neno la salamu: shikamoo, marahaba. Wachina wameiweka kwenye jina wanalomwitia mtu. Mwanafunzi akikutana na mwalimu wake kwenye ngazi husema tu "Lǎoshī hǎo!", yaani "Mwalimu, hujambo", na wakati mwingine hata "Lǎoshī!" peke yake inatosha. Kutaja cheo ndiyo shikamoo yenyewe. Ndiyo maana hatua ya kwanza hapa chini haina salamu hata moja.

## Unachohitaji

- Simu yenye kibodi ya pinyin, ile ya kuandika Kichina kwa herufi za kilatini halafu unachagua hanzi, yaani alama za maandishi ya Kichina.
- Kamusi inayotamka. Mimi natumia Pleco.
- Kinasa sauti cha simu hiyohiyo.
- Kipande cha karatasi nyepesi, kama cha risiti.
- Orodha ya watu watano au sita wa kweli unaotaka kuwasalimu: mwalimu, meneja, mwenye kiwanda unakonunua mzigo, mzazi wa rafiki yako. Mbele ya kila mmoja andika jina la ukoo, kazi yake, na kama amekuzidi umri.

Orodha usiiruke. Anayejifunza salamu bila kujua anamsalimu nani huishia kuwasemesha watu wote kama wapita njia.

## Hatua ya 1: Jua utamwitaje

Jina la ukoo hutangulia, cheo hufuata. Mwalimu Wang ni Wáng lǎoshī (王老师). Meneja Li ni Lǐ jīnglǐ (李经理). Mkurugenzi Chen ni Chén zǒng (陈总). Dereva au fundi Zhang ni Zhāng shīfu (张师傅). Daktari Liu ni Liú yīshēng (刘医生).

Jina la kupewa, lile linalofuata jina la ukoo, usilitumie peke yake kwa aliyekuzidi umri au cheo. Hilo ni la wazazi wake na marafiki wa karibu.

Wachina wengi wanaofanya kazi na wageni hugeuza mpangilio wa majina kwenye kadi zao, kwa hiyo huwezi kujua kwa kutazama tu lipi ni la ukoo. Uliza hivi: Nín guìxìng? (您贵姓？), jina lako tukufu la ukoo ni lipi? Naye atajibu: Miǎn guì, wǒ xìng Wáng (免贵，我姓王), acha utukufu, jina langu la ukoo ni Wang.

Onyo: *guì* maana yake ni "tukufu", na hutumika kwa jina la mwenzako tu. Ukisema "wǒ guìxìng Juma" umejitukuza mwenyewe, kama mtu anayejitambulisha "mimi Mheshimiwa Juma". Wewe sema *wǒ xìng*, jina langu la ukoo ni, au *wǒ jiào*, naitwa.

Mambo manne yanayowaangusha wengi kwenye kuita:

Naibu hupandishwa. Naibu meneja Li ukimwita uso kwa uso ni Lǐ jīnglǐ, neno la unaibu linaachwa.

Mwanamke wa Kichina akiolewa habadilishi jina la ukoo. Mama wa rafiki yako Wang huenda ni Zhao au Sun, kwa hiyo usimpachike la mwanawe. Mwite āyí (阿姨), mama mdogo au shangazi kwa heshima, na baba mwite shūshu (叔叔). Babu ni yéye, bibi ni nǎinai, hata kama si wako.

Lakini mwanamke aliyekuzidi miaka michache tu usimwite āyí, utakuwa umemzeesha. Mwite jiě, dada, ukitanguliza jina lake la ukoo: Wáng jiě.

*Xiǎojiě* peke yake, ambayo vitabu vya zamani vinasema ni "binti" au "bibie", iepuke. China bara neno hilo limechukua maana ya mwanamke anayejiuza. Mhudumu wa mgahawani ni fúwùyuán.

Umefaulu kama: kila mtu kwenye orodha yako ana jina moja la kumwitia, na unalitaja bila kusitasita.

## Hatua ya 2: Rekebisha sauti kabla ya sentensi

Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, na sisi tunaibeba tabia hiyo kwenda nayo Kichinani. Wacha hapo hapo. Kichina kinataka kila silabi na toni yake: ya kwanza iko juu na imenyooka (mā), ya pili inapanda kama unaposema "nini?" kwa mshangao (má), ya tatu inashuka chini na kukaa huko (mǎ), ya nne inakatika ghafla kama unapofukuza mbuzi "toka!" (mà). Aliyelelewa na Kikikuyu, Kihaya, Kinyarwanda au Kilingala ameshaishi na toni tangu utotoni; atumie sikio hilohilo.

Toni mbili za tatu zikifuatana, ya kwanza hugeuka ya pili. Kwa hiyo *nǐ hǎo* hutamkwa *ní hǎo*, na *Lǐ lǎoshī* hutamkwa *Lí lǎoshī*. Ukizikaza zote mbili chini unasikika kama unayetishia.

Toni moja hapa ina uzito kuliko zote. Wèn (问), toni ya nne, ni kuuliza, na ndiyo moyo wa kutuma salamu. Wěn (吻), toni ya tatu, ni kubusu. Jirekodi mara kumi ukisema *wèn hǎo*, na sauti ya *wèn* ianguke.

Kisha pumzi. Watu wa Mombasa na Lamu mna faida: mnajua paa la nyumba na paa wa porini hayatamkwi sawa, wala kaa la moto na kaa wa baharini. Yule mnyama ana pumzi, kile kitu hakina. Kichina kinafanya hivyo kwenye d na t, b na p, g na k, j na q. Shika karatasi mbele ya midomo: ukisema *qǐng* ipepee, ukisema *jīng* itulie. Ukisema *tì* ipepee, ukisema *dài* itulie.

Herufi x, kama kwenye *xièxie* na *xiàng*, ni "sh" nyembamba: ncha ya ulimi nyuma ya meno ya chini, midomo imetanuka kama unatabasamu.

Umefaulu kama: unaisemea simu *xiàng nín wèn hǎo*, na simu inaandika 向您问好 bila kukosea.

## Hatua ya 3: Toa salamu

Jina kwanza, salamu baadaye: Wáng lǎoshī, nín hǎo. Ukianza na salamu kisha jina hujavunja kitu, ila kutanguliza jina kunasikika kwa adabu zaidi.

*Nǐ* (你) ni wewe. *Nín* (您) ni wewe wa heshima. Itazame hanzi yake, ni 你 iliyowekewa moyo, 心, chini yake. Itumie kwa mkubwa, kwa mteja, kwa mtu mnayekutana mara ya kwanza kikazi. Beijing na kaskazini utaisikia sana. Kusini wenyewe hawaitumii mara nyingi, lakini mgeni akiitumia hakuna atakayechukia. Ukiwasalimu watu wengi pamoja sema Dàjiā hǎo.

Kwa saa: Zǎo au Zǎoshang hǎo asubuhi, Xiàwǔ hǎo mchana, Wǎnshang hǎo jioni. *Wǎn'ān* si salamu ya kukutana usiku. Ni ya kuagana mtu anapokwenda kulala.

Na kwa rafiki wa karibu mnayeonana kila siku, *nǐ hǎo* iache. Kwake inasikika baridi, kama umemsahau.

Mwili: inamisha kichwa kidogo tu. Mkono mwache mkubwa auanzishe. Kadi ya biashara toa na upokee kwa mikono miwili, uisome kabla ya kuiweka.

## Hatua ya 4: Jua hali, kwa ufupi

Sisi tunauliza za nyumbani, za watoto, za kazi, za tangu juzi. Kichina swali moja au mawili yanatosha, kisha mnaingia kwenye jambo. Ukiyarundika anaanza kufikiri kuna tatizo unalolizungukazunguka.

*Nǐ hǎo ma?* ya vitabuni hawaulizani wanaojuana. Uliza Zuìjìn máng ma? (最近忙吗？), siku hizi una kazi nyingi? Kwa mzee uliza Nín zuìjìn shēntǐ zěnmeyàng? (您最近身体怎么样？), afya yako vipi siku hizi? Kama hamjaonana muda mrefu tanguliza Hǎojiǔ bú jiàn.

Jirani akikuambia Chī le ma? (吃了吗？), umekula?, hajakualika. Ni kama "habari za mchana?", ambayo hakuna anayeijibu kwa kueleza mchana wake wote. Jibu Chī le, nín ne? hata kama tumbo ni tupu. Hali kadhalika Qù nǎr a? (去哪儿啊？), unakwenda wapi? Hakupelelezi. Chūqu yíxià, natoka kidogo, inatosha.

## Hatua ya 5: Tuma salamu kwa asiyekuwepo

Hapa ndipo kwenye kazi. Kiswahili kina kitenzi kimoja kinachobeba kila kitu: ni-salim-i-e. Kichina kinakigawa vipande vinne, na kila kipande kina kiti chake.

请 | 代我 | 向您父母 | 问好
Qǐng | dài wǒ | xiàng nín fùmǔ | wèn hǎo
tafadhali | kwa niaba yangu | kuelekea wazazi wako | uliza uzima

Yaani "tafadhali wasalimie wazazi wako". Kinachobadilika ni kipande cha tatu tu, kile kinachoanza na *xiàng*. Weka humo mtu yeyote:

- xiàng nín jiārén (向您家人), familia yako
- xiàng Wáng lǎoshī (向王老师), Mwalimu Wang
- xiàng āyí (向阿姨), mama yako, ukiongea na rafiki
- xiàng sǎozi (向嫂子), shemeji, mke wa rafiki unayemhesabu kama kaka

Kwa rafiki, ondoa *qǐng* na badili *dài* iwe tì (替): Tì wǒ xiàng āyí wèn hǎo. Beijing kuna njia ya mkato ya kindugu: Gěi jiālǐ dài ge hǎo (给家里带个好), "wapelekee nyumbani salamu". Naipenda kwa sababu humo, kama kwetu, salamu ni mzigo unaobebwa.

Sasa maonyo, na haya yasome polepole.

Mtu hakai mwisho. Kosa ninalolisikia kuliko yote ni *wèn hǎo nín fùmǔ*. Kiswahili kinamweka anayesalimiwa baada ya kitenzi, ndiyo maana ulimi unakimbilia huko. Ukitumia *wèn hǎo*, mtu anakaa mbele yake, na *xiàng* inamtangulia. Ubishi wa ulimi unaisha ukijizoeza kusema *wèn hǎo* kisha ukafunga mdomo.

Usiseme "mwambie mama nǐ hǎo". *Gàosu nǐ māma nǐ hǎo* ni Kiswahili kilichovaa nguo za Kichina. Mwenzako atakisia, lakini hakuna Mchina anayesema hivyo.

Usimwambie mtu *wènhòu nǐ mā*. Kamusi itakupa *wènhòu* (问候) kuwa ni "salimia", na ni kweli. Kwenye barua, *qǐng dài wǒ wènhòu nín de jiārén* ni sentensi nzuri na ya adabu. Lakini mitaani "kumwulizia mtu hali ya mama yake" au ya "familia yake nzima" ni namna ya kusema umemtukania mama. Mtu akigombana dukani, msimuliaji husema "akamwulizia hali mama yake", na kila mtu anaelewa alichosema. Kwa hiyo kwa mdomo, likija suala la wazazi, kaa na *xiàng … wèn hǎo*. Haina kivuli hicho.

Kibodi itakusaliti kwenye *dài*. Niliwahi kukaa dukani Kariakoo na mfanyabiashara aliyekuwa anamwandikia mwenye kiwanda. Aliandika "daiwo", na hanzi zikajipanga juu ya kibodi: ya kwanza kushoto 带我, ya pili 代我. Akabonyeza ya kwanza, kama mtu yeyote mwenye haraka, mteja akiwa anamsubiri mbele ya kaunta. Zote mbili husomwa *dài wǒ*, toni ileile. Ila 代 ni "kwa niaba ya", na 带 ni "chukua, ongozana na". Ujumbe wake ukawa: "Tafadhali nipeleke nikawasalimu wazazi wako." Tuliuona kabla hajautuma. Tafuta yenye alama ya mtu, 亻, upande wa kushoto.

Maneno kama *lìngzūn* na *lìngtáng*, "baba yako mtukufu" na "mama yako mtukufu", yaache kwenye tamthilia za kale.

Umefaulu kama: unapachika kila mtu wa orodha yako baada ya *xiàng* bila kuandika, na mwenzako anajibu *xièxie* papo hapo badala ya kukuuliza "unasema?".

## Hatua ya 6: Pokea na fikisha

Ukitumwa salamu, usiseme tu asante. Sema Xièxie, wǒ yídìng zhuǎndá (谢谢，我一定转达): asante, hakika nitazifikisha. Kisha zifikishe kweli, kwa sababu watu hao wanaulizana.

Kufikisha: Wǒ fùqīn ràng wǒ xiàng nín wèn hǎo (我父亲让我向您问好), baba yangu kanituma nikusalimu. Sema mapema, mara baada ya salamu zako mwenyewe, kabla ya shughuli. Salamu za baba zikitajwa mlangoni wakati wa kutoka zinaonekana zimekumbukwa kwa bahati.

Naye atakujibu Xièxie, yě dài wǒ xiàng tā wèn hǎo: asante, nawe msalimie. Umeshajua la kujibu.

## Hatua ya 7: Kwa maandishi

Kwenye WeChat, programu ya ujumbe wanayotumia Wachina, usitume *Zài ma?* (在吗？), "upo?", ukanyamaza ukisubiri. Inamwacha mtu na wasiwasi wa unachotaka kuomba. Andika jina, salamu, wewe nani, na shida yako, vyote katika ujumbe mmoja: 王老师您好，我是… Ujumbe wa sauti mrefu, ambao kwetu ni upendo, kwa mkubwa wa Kichina ni kero, labda yuko mkutanoni. Mwandikie. Na ile emoji ya tabasamu dogo, 🙂, vijana wa China wanaisoma kama dharau au kukerwa. Iache.

Barua rasmi ina umbo lake. Mstari wa kwanza, ukutani kabisa kushoto: 尊敬的王老师： (Zūnjìng de Wáng lǎoshī), Mheshimiwa Mwalimu Wang, na nukta mbili. Mstari wa pili, ruka nafasi ya hanzi mbili, andika 您好！ Mwisho, ruka nafasi mbili andika 此致 (cǐzhì), shuka mstari, rudi ukutani kushoto andika 敬礼 (jìnglǐ). Jina lako chini kulia, na tarehe chini yake, mwaka ukitangulia: 2025年9月10日. Kama barua ni ya karibu zaidi, badala ya *cǐzhì jìnglǐ* weka 祝您身体健康 (zhù nín shēntǐ jiànkāng), nakutakia afya njema.

Tarehe hiyo sikuichagua ovyo. Septemba 10 ni Siku ya Walimu China, na ujumbe wa mstari mmoja, Jiàoshī Jié kuàilè (教师节快乐), utakumbukwa na mwalimu wako kuliko zawadi. Mwaka mpya wa Kichina, unaoangukia kati ya Januari 21 na Februari 20, andika Gěi nín bàinián le (给您拜年了), nakupa salamu za mwaka mpya. Lakini Qīngmíng, mwanzoni mwa Aprili, watu wanakwenda kusafisha makaburi. Usimtakie mtu furaha siku hiyo. Na ukiandika kadi kwa mkono, jina la mtu usiliandike kwa wino mwekundu.

## Hatua ya 8: Aga

Zàijiàn inatosha karibu kila mahali. Kwa mzee ongeza Nín duō bǎozhòng (您多保重), ujitunze sana.

Maneno mawili yana wenyewe, msiyabadilishane. Nín màn zǒu (您慢走), "nenda polepole", husema anayebaki. Qǐng liúbù (请留步), "tafadhali ishia hapo", husema anayeondoka, kumzuia mwenyeji asijisumbue kumsindikiza. Nimewasikia wageni wakimwambia *màn zǒu* mwenye nyumba aliyesimama mlangoni pake, na mzee wa watu akabaki anajiuliza anafukuzwa aende wapi.

Mwenyeji mwenye adabu hataishia mlangoni. Utasema *qǐng liúbù*, naye ataendelea kutembea na wewe mpaka kwenye lifti. Utasema tena, naye atasimama hapo, akisubiri milango ifunge. Hapo, kabla haijafunga, ndipo pa kusema: *Qǐng dài wǒ xiàng nín jiārén wèn hǎo.* Ukisikia *yídìng, yídìng* huku milango inakutana, umefaulu.